Waliozikwa Nje ya Ua

Watoto wa mafundisho pale Kigera walimpachika Scholastika jina la Mwalimu Mstari, na wala hawakumsingizia. Alipenda kila kitu kikae mahali pake kiasi cha kukera. Sufuria zake zilipangwa kwa ukubwa, khanga zilikunjwa maandishi yakiwa ndani, na kandambili za mgeni zilizovuliwa ovyo mlangoni alizigeuza mwenyewe zielekee njiani, utadhani anamkumbusha mtu kwamba kuna kwenda. Ukichelewa sala za jumuiya hakukusema. Alikutazama tu, na wengi walisema afadhali angewasema.

Ukatekista aliusomea misheni ya Nyegina miaka michache baada ya kuolewa, na waliomjua vizuri walisema aliuendea kama mgonjwa anavyoiendea hospitali. Tangu hapo, miaka nenda miaka rudi, alifundisha watoto wa Komunio ya Kwanza kila Jumamosi chini ya bati la kigango, kikanisa cha mtaa. Walimu wenzake walikimbilia habari ya nyoka, maana watoto wanapenda nyoka. Yeye alikaa sana kwenye uumbaji. Aliwaeleza kwamba mwanzoni palikuwa na maji tu, meusi, yasiyo na ufuko wala sakafu, yakijizungusha gizani bila kwenda popote. Mungu hakuyachapa fimbo wala hakuyapigia kelele. Alisema neno, na mambo yakaanza kuachana: nuru huku, giza kule, maji ya juu yakabaki juu na ya chini yakabaki chini, nchi kavu ikatoa kichwa. Kila kilichotengwa kikapewa mahali, na kilichopewa mahali kikapewa jina.

"Kitu ambacho hakina mahali wala jina," aliwaambia kila mwaka, "hicho bado hakijafika duniani sawasawa."

Na kila mwaka akifika hapo alirekebisha kilemba ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Watoto walidhani ni madoido ya ualimu.

Ukweli ni kwamba Scholastika alikuwa na mtoto wa namna hiyo, na hakuwahi kumwambia mtu.

Ilikuwa mimba yake ya kwanza, wakati yeye na mumewe Stanislausi wameteremka karibuni kutoka Butiama, kwenye ng'ombe wa ukoo, kuja kutafuta maisha mjini Musoma. Walijenga Kigera, karibu na maji, kwa sababu viwanja vya chini siku zile havikugombewa. Gati, mama yake Stanislausi, akaja kukaa nao. Uchungu ulikuja kabla ya wakati, mvua imekata njia, Stanislausi yuko Butiama msibani. Gati alizalisha peke yake. Scholastika alivuja damu mpaka akazimia, na alipozinduka kesho yake alikuta chumba kimeshapigwa deki, tumbo tupu, na mama mkwe ameketi kizingitini amempa mgongo.

"Alikuwa msichana," Gati alisema bila kugeuka. "Alitoka kimya."

Basi, hayo ndiyo aliyopewa. Mtoto aliyetoka kimya hakubatizwa, maana maiti haibatizwi. Jina la ukoo pia hakupewa, kwa sababu kwao jina si kitu cha wazazi kukaa na kuchagua. Mtoto akizaliwa akalia, bibi yake humpakata na kumwitia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile analolinyamazia ndilo lake. Asiyelia haitiwi. Na asiye na jina hazikwi ndani ya mji. Gati alimzika mwenyewe nje ya ua wa minyaa, upande wa ziwani penye udongo laini, bila jiwe wala msalaba, na desturi ilikuwa mama mzazi asionyeshwe mahali. Scholastika hakuonyeshwa, na kwa kuwa alikuwa mke mgeni hakuuliza.

Walikuja wengine baadaye, Yusto na wadogo zake, wakalia vizuri, wakapewa majina yao, na mtaa mzima ukamwita Mama Yusto. Stanislausi akafariki akiwa mtu mzima, akarudishwa Butiama kuzikwa kwa heshima zote. Gati akazeeka, akabatizwa Yuliana, akahamia Bunda kwa binti yake Flora. Yule wa kwanza hakutajwa tena na mtu. Lakini Scholastika hakuwahi kufagia upande ule wa ua. Alifagia uwanja wote, akifika kwenye minyaa anaweka ufagio chini na kusimama kidogo, halafu anarudi ndani.

Ndipo ukaja mwaka wa mvua zisizojua kukatika. Vuli iliunganika na masika, mito yote ikamwaga ziwani, na ziwa likaanza kupanda nchi kavu polepole kama mgeni asiyealikwa anavyosogeza kiti. Lilichukua mwalo wa mitumbwi na vichanja vya kuanikia dagaa. Likachukua migomba. Likaingia vyooni, na vilivyokuwa vyooni vikatoka kutembea mtaani, na hapo hata wale waliokuwa wakisema tumwachie Mungu wakaanza kuulizia vyumba vya kupanga kule juu, Mukendo. Magugu maji yalielea juu ya kilichokuwa barabara ya watoto wa shule. Kambale walionekana ndani ya nyumba ya mtu, wamejibanza chini ya kitanda kama wamelipia. Serikali ya mtaa ikapita na kipaza sauti: watu wote wa chini wahame.

Scholastika hakuhama. Alipanga tofali mlangoni, mstari ulionyooka kabisa.

Jirani yake Hamduni, fundi wa mitumbwi, alikuwa akibomoa banda lake mbao kwa mbao ili akalisimamishe juu, mbali na maji. Alisimama na nyundo yake akamtazama.

"Mwalimu, unamsubiri nani? Hili ziwa halihudhurii mafundisho."

"Lina mpaka wake, Hamduni. Liliwekewa na aliyeliumba."

"Hata sisi Waislamu tunasema hivyo hivyo. Mimi nauliza tu, mpaka wenyewe uko mbele ya jiko lako au nyuma?"

Alicheka peke yake. Scholastika hakucheka, kwa sababu alikuwa anatazama minyaa. Siku hiyo maji yalikuwa yamefika kwenye mashina yake. Upande wa ndani palikuwa bado pakavu. Upande wa nje hapakuwa na kitu tena isipokuwa ziwa.

Jumamosi iliyofuata alifundisha uumbaji kama kawaida, mvua ikipiga bati hadi ikabidi apaze sauti. Alipomaliza, binti mmoja mwembamba aitwaye Hana akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na yale maji ya mwanzo, Mungu aliyaumba siku gani?"

 Scholastika alizipitia siku zote kichwani haraka haraka, nuru, anga, nchi kavu, mimea, mianga, samaki na ndege, wanyama. Maji hayakuwa na siku. Yalikuwapo tu, habari inapoanza yameshatanda. Alimwambia Hana kwamba Mungu ndiye Muumba wa vyote, vya kuonekana na visivyoonekana, jibu sahihi ambalo askofu mwenyewe asingeliongezea neno. Hana akaridhika. Mwalimu wake alirudi nyumbani hajaridhika, akatembea kwenye tope bila hata kukwepa madimbwi.

Alichokuwa anakiona njia nzima ni hiki. Mungu hakuyamaliza yale maji. Aliyasukuma pembeni, akaweka ua, akajenga ulimwengu ndani ya ua, na yale maji yakabaki kule nje, meusi vile vile, yakingoja. Na yeye Scholastika alikuwa na mtoto kule nje. Miaka yote hiyo alijifariji kwamba hata udongo usio na alama ni mahali, Mungu anapajua. Sasa hata udongo ulikuwa unaondoka.

Kilio alikisikia kwa mara ya kwanza siku mbili tatu baadaye, mchana kweupe, ule wakati upepo wa ziwa unapotulia na hata mbwa wanalala. Alikuwa anachambua mchele. Kilitoka ng'ambo ya minyaa, chembamba, kikikatika na kuanza upya. Mtu aliyelea watoto hakosei kwenye jambo hilo. Kilikuwa kilio cha siku ya kwanza, cha mtoto ambaye hajajua bado kama kuna mtu wa kumsikia.

Aliweka ungo chini akaenda hadi uani. Akapanua matawi ya minyaa kwa kijiti, asiguswe na utomvu. Maji tu, na magugu yakipanda na kushuka. Kilio kiliendelea hapo hapo karibu, kama mtoto amelazwa mahali ambapo mkono ungemfikia.  Alirudi nyuma, akajikwaa kwenye ndoo, akakimbia kama msichana mpaka kwa Hamduni.

"Umesikia?"

Hamduni alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja. "Ndege. Kuna ndege wa kwenye magugu analiaga hivyo."

"Ndege gani?"

"Mwalimu, mimi ni fundi wa mitumbwi, ndege siwajui majina." Akageukia mbao zake akaendelea kung'oa, lakini sasa kwa haraka zaidi, na jua halijazama alikuwa ameshahamisha kila kitu.

Tangu hapo kilio kilikuja kila mchana upepo ukitulia. Scholastika alinyunyiza maji ya baraka, akasali rozari nzima akiwa amesimama kwenye minyaa. Hakikujali. Mafundisho hayana mizimu, alijua, alikuwa ameyafundisha mwenyewe kwa watu waliokuwa wakiamini mizimu kuliko mvua. Kilichomtia baridi ya mifupa hakikuwa mzimu. Lilikuwa swali moja ambalo halikutaka kukaa kwenye mstari wowote: mtoto aliyetoka kimya, kulia kajifunzia wapi?

Akamwendea Baba Paroko. Ya kilio hakumwambia, asije akaonekana amechanganyikiwa. Alimwambia tu kwamba kuna mtoto wake mchanga alizikwa zamani nje ya ua, hakubatizwa, na ziwa linamchukua. Paroko alikuwa kijana mwenye huruma. "Mtafuteni mumlete, Mama," alisema. "Tutamzika makaburini na wenzake, tutamwombea." Scholastika alitoka pale analia kwa shukrani. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo. Kilichobaki ni kujua mahali, na mahali alipajua mtu mmoja tu aliyebaki duniani.

Scholastika alimkuta Gati kule Bunda, nyuma ya soko, ameketi kwenye mkeka mlangoni kwa Flora akichambua choroko. Macho yalikuwa yamefifia, ila vidole vilikuwa bado na akili zake zote, vikitupa kijiwe huku na choroko kule.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Yusto. Umekonda. Hiyo maji imekufukuza?"

"Bado. Nimekuja unionyeshe alipo yule mtoto."

Vidole vilisimama.

"Mtoto gani?"

"Mama, unamjua."

Gati akarudia kuchambua. "Ile haina mahali. Mwache aende na maji. Maji inachukuaga vitu vya watu wengi, hatakuwa wa kwanza."

"Baba Paroko amekubali kumzika."

"Kwa jina gani?"

"Nitamtafutia la mtakatifu."

"Mtoto hatafutiwagi jina na mama yake." Sauti ilikuwa kali, na Flora, aliyekuwa jikoni, akatoka akifuta mikono.

"Mama, hebu mwonyeshe wifi. Umefika umri huo bado unaficha kipande cha ardhi?"

"Wewe nyamaza. Hukuwepo."

 Scholastika alikuwa ameapa njiani kwamba hatasema, lakini aliona mwanamke yule anamfungia mlango kama alivyomfungia zamani, amempa mgongo kizingitini, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Analia, Mama. Namsikia. Kila mchana analia ndani ya maji."

Flora alijishika kifua. Gati hakushtuka. Hakufanya ishara ya msalaba, hakusema ni ndege wala kwamba ni uzushi, na hapo ndipo Scholastika alipoogopa kuliko siku zote. Bibi kizee aliinua uso akauliza taratibu, kama mkunga anavyouliza dalili:

"Analia moja kwa moja, au anakatisha-katisha?"

"Anakatisha. Kama kuna kitu anakitafuta."

Gati akamwaga choroko zote kwenye ungo, nzuri na mbovu pamoja.

"Flora," alisema, "nitafutie fimbo yangu."

Kesho yake asubuhi walishuka Kigera. Njia nzima Gati hakusema kitu zaidi ya kuulizia ng'ombe aliowaona dirishani ni wa nani. Nyumbani Scholastika alikuwa ametayarisha kila kitu: koleo, kipande cha shuka jeupe alichokipiga pasi, na kisanduku kidogo ambacho Hamduni alikuwa amekiunganisha kwa mbao zilizobaki za mtumbwi. Hamduni hakuuliza cha nini. Alikiacha mlangoni, akasema Mungu awape wepesi, akaenda zake.

Minyaa ilikuwa imeshaanza kulala majini, nusu yake imefunikwa. Maji yalikuwa yameingia uwanjani na kulilamba lile tofali la kwanza. Scholastika alitegemea mzee atapapasa, atazunguka, atasema mambo yamebadilika. Gati hakupapasa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye pengo la ua, akanyoosha fimbo.

"Pale. Penye lile gugu lililosimama peke yake."

Palikuwa na maji ya kufika kifuani. Koleo lilikuwa mzaha. Scholastika alilitazama, akalilaza chini polepole, akakiweka kisanduku juu yake, na akajua kwamba amechelewa. Alichelewa kwa wiki chache au kwa maisha mazima, inategemea unaanzia kuhesabu wapi.

Upepo ukatulia. Maji yakawa laini kama mafuta kwenye sufuria. Kilio kikaanza.

Safari hii kilikuwa karibu zaidi na kimechoka zaidi. Kinalia, kinakwama, kinavuta pumzi, kinalia. Scholastika alimshika mama mkwe mkono.

"Ni yeye," Gati alisema.

"Utamjuaje, Mama? Hukuwahi kumsikia. Si alitoka kimya?"

 Gati alikuwa analitazama lile gugu.

"Alilia," alisema. "Alilia toka asubuhi. Wewe umezimia, damu inatoka, nikakufunga nguo, nikamchukua. Nikamwitia. Nikaita baba zangu, nikaita shangazi za mume wangu, nikaita hata wale wa zamani ambao mimi mwenyewe sikuwaonaga. Hataki. Analia tu. Nikachoka, Mama Yusto. Kichwa ikachoka, jina ikanitoka. Ile ambayo sikuitajaga toka siku tulimpitisha kwa tundu la ua."

Scholastika alilijua hilo tundu. Stanislausi alimsimulia mara moja tu, wakiwa wachumba, na akamwomba asiulize tena. Gati alikuwa na mtoto wa kwanza, kaka yake Stanislausi, aliyejinyonga ndani ya zizi la ng'ombe kule Butiama. Aliyejinyonga hapitishwi mlangoni. Walikata ua, wakamtoa kwa nyuma, wakamzika kule nje bila kilio, na jina lake likafungwa. Mtoto yeyote wa ukoo asiitwe hilo tena, asije akapewa pamoja na ile kamba.

"Nikasema, Matiko," Gati alisema. "Akanyamaza."

Kilio majini kilikwama, kikaendelea.

"Akanyamaza, akanitazama.  Nikasema amekosea, ni mtoto mdogo. Nikaanza tena upya, nikaita wengine wote. Akalia tena. Ile ya Matiko nikaogopa kuirudia. Nikaona afadhali alie mpaka achague mwingine. Nikakaa naye, Mama Yusto, sikumwacha, nilimpakata. Jua ikazunguka. Alikuwa mdogo, hajatimia, hata sauti yake ilikuwa ndogo. Jua inaenda kuzama, akaacha mwenyewe."

"Katekista wa siku zile alikuwa nyumba ya pili." Scholastika alijisikia akiongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia chumvi. "Mlango kwa mlango. Angekuja akammwagia maji. Hata wewe ungeweza. Mtu yeyote anaweza."

"Katekista angeniuliza jina. Ningemtajia lipi?"

"Angempa la mtakatifu, Mama. Lolote lile. Angempa hata la kwake."

Gati alimgeukia. Machozi yalikuwa yanapita kwenye makunyanzi bila kufuata njia moja.

"Sikujua," alisema. "Mimi nilijua jina ni moja, ile mtoto mwenyewe anachagua. Wewe ungekuwa unaitwa Mama Matiko."

Hasira iliyompanda Scholastika haikuwa ya mwalimu wa mafundisho. Alitaka kumsukuma bibi kizee yule ndani ya maji na kusimama pale mpaka magugu yafunike. Alitaka pia kumkumbatia, kwa maana alikuwa anamwona jinsi alivyo, mama aliyekatazwa kumlilia mwanawe, ambaye jina lilimponyoka kwa sababu lilikuwa limemjaa, na aliyeogopa lilipoitikiwa. Lakini juu ya yote hayo lilikuwapo jambo moja. Toka asubuhi hadi jua kuzama. Mtoto wake aliishi siku nzima. Alifika duniani sawasawa, akaitwa, akaitika, na ukuta mmoja wa udongo tu ulikuwa kati yake na mama yake. Hakuna maji meusi yaliyokuja kumchukua. Watu wazima ndio waliombeba na kumtoa nje ya ua, kwa mikono yao, kwa kufuata utaratibu.

Gati alikuwa ameshavua viatu. Alifunga khanga juu ya magoti, akaegemeza fimbo kwenye minyaa, akaingia majini.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nilimwacha alie siku moja. Inatosha."

Alikwenda kwa hatua za mtu anayevuka mto anaoujua, maji magotini, maji mapajani, khanga ikaelea nyuma yake. Scholastika alielewa anachokwenda kufanya. Ilikuwa sawa, ilikuwa ndiyo haki yenyewe ya mtoto, ndiyo aliyokuwa anaiomba kwa rozari zote zile, kwamba jambo hili lipewe jina lake na likae kimya. Na ghafla hakulitaka. Wiki zote hizo alikuwa ameziba masikio. Alikuwa amekisikia kilio kama kitu kinachomfukuza, wala hakuwahi kukisikiliza. Sasa alikisikiliza. Kilikuwa na mkwaruzo kidogo mwishoni, kama alivyokuwa Yusto akiwa mchanga, ila chepesi zaidi, cha kike. Ilikuwa sauti ya binti yake. Hakuwa na kitu kingine chochote chake, hata nywele, hata sura.

"Mama, subiri!" Aliingia majini akikimbia, na maji yakamzuia kama yanavyomzuia kila mtu. "Usimwite! Subiri kwanza, nimsikilize kidogo!"

Gati hakusikia, au alisikia akaona amesubiri kupita kiasi. Alikuwa amefika kwenye gugu. Alijaza kifua, na kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani bado anayo, sauti ya mama anayemwita kijana wake arudi na ng'ombe, akaita:

"Matiko!"

Mtoto akanyamaza.

Wale wanawake wawili walisimama majini, mmoja mbele na mwingine nyuma yake, hakuna aliyegeuka. Scholastika aliinama mpaka shavu likagusa maji. Alingoja hivyo, amebana pumzi. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo watoto wake wa mafundisho hawakuwahi kuisikia, akamwomba binti yake alie tena, kidogo tu. Hakulia.